Nakala Kubwa ya Jumapili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa, maana ukishakaa utaanza kutafuta miwani na barua itapoa. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi cha asubuhi kimemwachia au bado kinamwamsha kabla ya jogoo? Watoto na wajukuu nawaombea uzima wote. Sisi huku tunakula, tunalala, tunacheka, na cherehani yangu imepata mkanda mpya, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nasi hata chembe.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali juzi tu tuliongea kwa simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, dada, usinikatalie. Nikianza sentensi, wewe unaimalizia, tena unaimalizia vibaya. Haya niliyo nayo leo yanataka mtu asikilize mpaka mwisho, na barua haina mtu wa kuidakia maneno. Soma polepole, usiruke kurasa, hasa za mwisho.

Nianze na mwanao niliyemzaa mimi. Chiriku, huyo uliyempa jina la ndege mpiga kelele kwa kejeli, kwa sababu alikuwa haongei mpaka umvute ulimi kwa koleo, sasa ni mtu mzito. Tangu aingie kazini kwenye ile kliniki ya macho hakuna siku iliyopita sijamtaja kwa mtu. Juzi mama muuza vitambaa aliniambia eti, Mama Chiriku, mbona siku hizi hata ukiulizwa suruali itakuwa tayari lini unajibu kwa habari za kompyuta? Nikamwambia na wewe zaa, kisha somesha, tuone kama utanyamaza.

Kazi yake nitakueleza kama alivyonieleza mimi, maana wajua shule mimi niliishia njiani. Kliniki ina wagonjwa zaidi ya elfu arobaini. Kila mmoja ana habari zake: jina, umri, jicho la kulia linaona nini, la kushoto linaona nini, miwani aliyopewa, matone aliyoandikiwa. Zamani yalikuwa mafaili, chumba kizima, na mfanyakazi mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupiga chafya. Siku hizi yote yamo ndani ya kitu kinachoitwa hifadhidata. Ni majedwali, dada, yenye mistari na safu kama daftari la mahudhurio, ila jedwali moja linalijua jingine. La wagonjwa linaongea na la miwani, la miwani linaongea na la madaktari. Mwanao ndiye anayekaa nayo. Anailisha, anaiogesha, ikiugua anaitibu.

Na programu yenyewe ni huria, haiuzwi. Mama muuza vitambaa aliposikia hivyo alibetua mdomo, eti cha bure hakikosi walakini. Nikamjibu hajui kitu. Huria maana yake mishono yote iko nje. Mtu yeyote mwenye akili zake, popote alipo, anaweza kuigeuza ndani nje kama koti akaona ilivyopindwa, na akikaza palipolegea wanafaidi wote. Sisi mafundi wangapi tungekubali? Mimi mwenyewe pindo langu la kola sijamwonyesha mtu, hata wewe. Kumbe wenzetu wanaonyeshana, na ndiyo maana kazi yao inadumu.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Mwanao aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Muda ukiisha, mkuu wa utawala anaandika ripoti, daktari mkuu anatia sahihi, na wewe ama ni mfanyakazi ama unarudi nyumbani na mkoba wako. Kwenye simu sikukuambia, lakini nilikuwa nahesabu siku kama mjamzito. Miaka miwili mtoto yule alizunguka na bahasha ya vyeti mpaka bahasha ikachanika, nikamshonea mfuko wa kitambaa, na huo mfuko nao ukaanza kuchoka. Nilimwambia Mungu, nisiushone tena.

Mwezi wa tano wa majaribio ndipo daktari mkuu alipomkabidhi mtihani. Kila jioni kliniki ikifungwa, mashine ilikuwa inanakili hifadhidata nzima, kutoka mgonjwa wa kwanza mpaka wa mwisho, ili ikitokea diski imekufa au mtu amefuta kisichofutwa, pawe na nakala ya kurudia. Jambo jema. Lakini kliniki imekua, na kunakili kukawa hakuishi. Asubuhi wagonjwa wameshajaa kwenye mabenchi, mashine bado inanakili. Karani wa mapokezi akibonyeza jina la mtu, kompyuta inafikiri kama mzee anayetafuta jino lake. Daktari mkuu akamwambia mwanao atafute dawa ya jambo hilo, na kwa dawa hiyo ndiyo atapimwa.

Akaja nyumbani hana raha. Tulikaa mezani, mimi nachomoa nyuzi kwenye sare, yeye anachora miraba kwenye karatasi yangu ya kukatia. Nikamwambia hebu nieleze, huenda ukiyatoa mdomoni yatajipanga. Akasema njia ziko kadhaa. Moja ni kuendelea kunakili kila kitu kila siku. Hiyo haina mafumbo, ila ni kama kuhamisha nyumba nzima kwa sababu umeongeza kijiko. Nyingine ni kutumia daftari. Ile hifadhidata ina tabia nzuri, kabla haijabadilisha chochote huandika kwanza kwenye daftari lake kwamba inataka kubadilisha kitu fulani. Basi unachukua nakala kubwa mara moja kwa wiki, kisha unaweka akiba kurasa za lile daftari kila zinapojaa. Likitokea la kutokea, unarudisha nakala kubwa, unaisomea daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka dakika unayoitaka, hata ile dakika moja kabla mtu hajakosea. Nikasema, hiyo ndiyo dawa, unasubiri nini? Akasema ndiyo, Mama, ila wiki ikiwa na shughuli nyingi, kusoma daftari lote ni saa na saa, na madaktari wamesimama wanakutazama.

Ya tatu ni ngeni, imekuja na toleo la karibuni la programu yenyewe. Inajua ni vipande gani vimeguswa tangu nakala fulani, na inachukua hivyo tu. Siku ukivihitaji, unaviunganisha na ile nakala kubwa, unapata kitu kizima kana kwamba ulinakili yote jana. Kuna pia programu za watu wengine, huria vilevile, zinazofanya kazi hiyo na kukukagulia na kukubania nafasi, lakini hizo alisema atazigusa akishaielewa hii ya nyumbani.

Dada, nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Nikamwambia mwanangu, hayo mama yako anayafanya tangu hujazaliwa!

Wewe hujaingia kwenye chumba changu cha kushonea siku nyingi, kwa hiyo nikueleze. Mtoto akija kushonewa sare mara ya kwanza, nampima mwili mzima, mabega, kifua, mkono, kiuno, nyonga, urefu, naandika kwenye kadi ngumu ninayoikata kwenye maboksi ya viatu. Mwaka unaofuata akirudi simpimi yote. Mzazi amesimama na watoto watano, utamaliza lini? Naangalia kilichobadilika, mara nyingi urefu na kiuno basi, naandika kwenye kijikaratasi, nakibana kwa pini juu ya kadi. Wakati wa kukata nasoma kadi, halafu nasoma kijikaratasi, na vikipingana nakifuata kijikaratasi. Mwanao akaacha kuchora. Akaniuliza, na mwaka wa tatu je, unaandika kilichobadilika tangu kijikaratasi cha mwaka jana, au tangu kadi? Nikamwambia tangu kadi, siku zote, ili cha mwaka jana kikianguka kikafagiliwa nisihangaike. Mkononi nahitaji vitu viwili tu, kadi na kijikaratasi cha mwisho. Akasema na yeye atafanya hivyo hivyo. Sasa hivi anadai wazo hilo alikuwa nalo tayari. Mwache adai. Mimi niliuona uso wake.

Akapanga mambo. Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa, nakala kubwa. Jumatatu mpaka Jumamosi nakala ndogo, kila moja ikilinganishwa na ile ya Jumapili. Lile daftari la mabadiliko nalo likawekwa akiba kwa ajili ya dakika za katikati. Nakala ndogo ya kwanza ilikwisha kabla mlinzi hajamaliza kufunga madirisha. Asubuhi majina yalikuwa yanatokea papo kwa papo, mpaka karani wa mapokezi akamnunulia mwanao soda. Mimi nikajua tumefika.

Hatukuwa tumefika. Yule mkuu wa utawala, ambaye ndiye mwenye funguo zote na ndiye mwandishi wa ripoti, wafanyakazi wanamwita Bwana Inatosha. Ukimwomba karatasi tano anakupa tatu, inatosha. Ukimwomba feni anakufungulia dirisha, inatosha. Si mtu mbaya, dada, ni mtu aliyelelewa na uhaba kama sisi, ila yeye uhaba haujamtoka. Kliniki ikapata kamera mpya ya kupiga picha nyuma ya jicho, picha zake nzito, diski ya akiba ikaanza kujaa. Bwana Inatosha akapita kwenye orodha, akaona nakala za Jumapili zimekalia nafasi kama wageni wasiojua kuaga, na pembeni yake ndogo ndogo za kila siku. Akasema hizi kubwa ni za nini? Zina mambo ya Jumapili, yameshapita. Tunazo za juzi na jana, mpya, tena nyembamba. Tuondoe kubwa, zibaki ndogo, inatosha.

Mwanao akasema haiwezekani. Akaulizwa kwa nini, mbele ya mkutano mzima, na hapo ndipo ulimi wa Chiriku wetu ulipoingia mvunguni. Anajua, dada, anajua kuliko wote, lakini aliwaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya maelekezo ya dawa, mpaka mfamasia, ambaye ndiyo kazi yake kuzisoma, akasinzia. Bwana Inatosha akasema binti huyu msomi kweli, lakini kila akitueleza tunatoka wajinga zaidi ya tulivyoingia, na mfanyakazi asiyeeleweka atathibitishwaje? Watu wakacheka. Daktari mkuu hakucheka. Ni mama mrefu, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alisema yeye hajaelewa upande wowote, kwa hiyo wakutane tena Ijumaa, na mwanao aje na maelezo ambayo hata mgonjwa aliyeketi kwenye benchi pale nje angeyaelewa. Ripoti ya majaribio ingeandikwa siku hiyohiyo.

Alirudi nyumbani akala vijiko viwili akasukuma sahani. Nikamwambia waeleze habari za kadi na vijikaratasi. Akasema Mama, pale ni kliniki, siwezi kusimama mbele ya madaktari nikaanza habari za suruali. Iliniuma, sikufichi. Aliona uso wangu akaniomba radhi mara tatu, lakini neno lilishatoka.

Sasa Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kupimwa macho hapohapo. Usicheke. Macho yangu mazima, ni sindano za siku hizi ambazo matundu yake yanatobolewa na wavivu. Ila mwanao alikuwa ameniandikisha tangu alipokuta nimeshona zipu ya suruali kwa nyuma. Nikawekwa kwenye kiti, kidevu juu ya chuma, paji la uso juu ya ukanda, na aliyekuja kunichungulia ni daktari mkuu mwenyewe. Akaniambia nitulie nisiongee. Mimi na kunyamaza wapi na wapi? Nikamwambia kidevu kikiwa palepale kwamba mwanangu anafanya kazi hapa. Akauliza kumbe ndiye mama yake yule binti wa hifadhidata? Akamsifu, akasema mchapakazi, ana adabu, lakini kuna jambo amemweleza mara mbili na yeye anaona ukungu tu. Nikamwambia daktari, wewe nitolee ukungu wangu, wako nitautoa mimi.

Nikampa kadi na vijikaratasi, mwanzo mpaka mwisho. Alielewa haraka, msomi ni msomi. Kisha akaniuliza swali lilelile la Bwana Inatosha. Fundi, kadi imechakaa, kijikaratasi ni kipya, kwa nini usitupe kadi? Nikamjibu kijikaratasi hakina mabega. Akasema sawa, lakini fundi mzoefu kama wewe si utayakisia mabega? Hapo, dada, niliinua kidevu kutoka kwenye chuma. Nikaona kazi ya mwanangu imening'inia kwenye jibu langu. Nikamweleza jambo lililonitokea mimi mwenyewe, ambalo sijapata kumwambia binadamu yeyote. Nitalifikia, usinikatize. Alipolisikia alisogeza kiti nyuma akacheka mpaka nesi akafungua mlango. Halafu akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni, akauliza hivi zile nakala za Jumapili bado zipo?

Bwana Inatosha akaitwa. Akaja amejawa na ushindi, akasema zimeshaondolewa zote tangu asubuhi, nafasi ilikuwa inahitajika. Mwanao akaitwa naye. Mimi nilikuwa nimeshatiwa matone, naona vivuli tu, lakini nilimtambua kwa hatua zake. Alisimama mlangoni akakuta mama yake, bosi wake na bosi wa bosi wake wamekusanyika kuizunguka mashine ya macho. Fikiria mwenyewe.

Daktari mkuu akasema maneno yameisha, tujaribu. Wakachukua kompyuta ya ziada, mwanao akaiambia irudishe kliniki kwa nakala ndogo ya jana. Bwana Inatosha alikunja mikono, akisema itatosha, mtaona. Mashine ikakataa. Ikaandika kwamba haiioni nakala ambayo hii imesimama juu yake. Wakajaribu ya juzi, ikakataa. Hata lile daftari la mabadiliko lilikuwa halina pa kuegemea. Daktari mkuu akauliza, kwa hiyo mashine kuu ikifa sasa hivi tuna nini? Mwanao akasema tuna viuno vya watu elfu arobaini, bila mabega.

Dada, alisema hivyo! Kwa kinywa chake, mbele ya madaktari! Mimi pale kitini machozi yalinitoka, nesi akadhani ni matone.

Na baada ya hapo hakuomba ruhusa ya mtu. Akasema nakala kubwa inachukuliwa sasa hivi, haingoji Jumapili. Karani alipolalamika kwamba mashine itakuwa nzito na watu wamejaa, Chiriku akatoka mwenyewe mpaka kwenye mabenchi, nikamsikia kwa masikio yangu anawaambia jamani, kila mmoja wenu ana kadi yake ya kwanza, na leo tunaziandika upya, tunaomba subira yenu. Mzee mmoja akamwuliza kwani zilipotea? Akasema nusura. Mzee akasema basi andikeni vizuri, sisi hatuna pa kukimbilia, hatuoni. Benchi zima likacheka.

Ilichukua mpaka alasiri. Ilipokwisha ndipo miwani yangu ilipoandikwa, na jioni ikachukuliwa nakala ndogo. Ijumaa hapakuwa na mkutano wa maneno. Mwanao aliiunganisha kubwa na ndogo kwenye ile kompyuta ya ziada, akaiwasha, akamwambia Bwana Inatosha achague mgonjwa yeyote amtafute. Bwana yule akanichagua mimi, labda kwa hasira. Nikatokea. Jina langu na umri wangu vilitoka kwenye kubwa, miwani ya jana ilitoka kwenye ndogo, yote yamekaa pamoja bila mshono kuonekana. Umri nilioandikisha si lazima tuuzungumzie.

Nimpe haki yake Bwana Inatosha. Alisema mbele ya wote kwamba alikosea, na nafasi ya kamera akaipata kwa kufuta picha za semina ya miaka sita iliyopita ambazo alikuwa amezihifadhi yeye mwenyewe. Ripoti ya mwanao aliiandika kwa neno moja: Anatosha. Wenzake wanasema hajawahi kumsifu mtu kiasi hicho. Daktari mkuu akatia sahihi palepale. Mwanao amethibitishwa, dada! Amethibitishwa! Ule mfuko wa vyeti nimeufua nikauanika mbele ya duka la mama muuza vitambaa ili auone vizuri.

Sasa kaa. Kama umesimama, kaa.

Jambo nililomwambia daktari ni la gauni lako la harusi. Kadi yako nilikuwa nayo, niliiandika nilipokuwa bado najifunza, mwili wako wote ulikuwemo. Wiki chache kabla ya harusi ulikuja, nikakupima kiuno na urefu tu, nikaandika kijikaratasi. Katikati ya siku hizo nilihamisha vitu vyangu kutoka kibarazani kwa mama kwenda chumba cha kupanga, na nilipokuwa napanga nikaona kadi za zamani zimekuwa za njano, nikazitia motoni. Nilidhani vijikaratasi vinatosha. Mimi, fundi mzima! Nilipokaa kukata gauni lako nikakuta nina kiuno na urefu, sina mabega, sina kifua. Niliona haya kukuita upya. Nikajiambia mimi na dada tumetoka tumbo moja, nikasimama mbele ya kioo nikajipima mwenyewe.

Unayajua yaliyofuata kuliko mimi. Lilikataa kufunga mgongoni. Shangazi akakufokea mbele ya watu kwamba bibi harusi gani anashindwa kuzuia mdomo wiki moja, nami nikasimama pale na pini mdomoni, na hizo pini zikawa kisingizio changu cha kunyamaza. Nikakuwekea kipande cha kitambaa nyuma, nikakufunika mtandio, ukashinda siku yako yote kwenye joto lile ukiwa umejifunika, mikono haiinuki hata kupungia wageni. Na picha ukazifungia sandukuni. Miaka ishirini na saba nakusikia ukisema kwamba wewe ndiye uliyejiharibia, ulikula kwa wasiwasi. Miaka ishirini na saba unasukuma sahani kabla hujashiba, nami nakutazama.

Dada, hukunenepa. Hukunenepa hata upana wa uzi. Ulikuwa vilevile ulivyokuwa kwenye kadi, na kadi niliichoma mimi.

Nilimwambia daktari kwa sababu hakuna jibu jingine ambalo lingemfanya aone, na kwa ajili ya Chiriku ningesema hata makubwa zaidi. Lakini daktari akawasimulia wenzake ili waelewe, sasa kliniki nzima inajua, na haifai wageni wajue kabla yako. Mwanao alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Mama, ama umwandikie mama mkubwa wewe, ama nitamwambia mimi. Nimeona bora uyapate kwa mkono wangu. Nisamehe, mwana wa mama. Nilikuogopa, halafu nikauogopa ule uoga, na miaka ikaenda.

Mwisho wa mwezi mwanao anakuja kwako likizo, siku kumi. Mwambie akusomee barua yake ya ajira kwa sauti, asikunong'onezee. Nisalimie shemeji, umwambie na yeye, maana alikuwepo. Nisalimie watoto, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu, na zile picha, ukiwa na moyo, zitoe mwanao azione. Kama una hasira nami, na haki unayo, mpe yeye aniletee zote kwa mkupuo mmoja. Usinitumie kidogo kidogo kila siku kwa simu, dada yangu, hizo sitaweza kuziunganisha.

Ni mimi mdogo wako, fundi,
Mama Chiriku